Siwatu wa Jembe Pana na Siku ya Kusimama

Nyamazeni sasa, watu wa Bonde la Kiliwani, na anayetaka kusinzia akasinzie kwake, kwa sababu habari hii ni ya wazee wenu wa kwanza na haimsifu kila mtu. Zama zile mji wa Mkunguni ulipokuwa ungali na ukuta, na lango lake likifungwa jua likitua, zama ambazo watawala waliitwa madiwani na neno la mpiga mbiu ndilo lililokuwa sheria, aliishi Siwatu binti Mbaruku bin Makata, Siwatu wa Jembe Pana, Mkausha Matope, mwanamke wa mabega ambaye akipita uchochoroni ilibidi wengine warudi nyuma wampishe. Baba yake Mbaruku alichimba visima vya mji mzima na akafia kisimani. Babu yake Makata alishuka kutoka bara na mbegu za kunde alizozifunga ndani ya kilemba chake. Mama yake, Mwanamize, alikuwa na ulimi uliomtoa kadhi jasho, na ulimi huo mtoto aliuchukua wote bila kuacha hata kipande.

Bonde hili lilikuwa kinamasi nje kidogo ya ukuta, pahali pa kutupa taka na mizoga. Mwaka nzige walipokomba mashamba yote ya bara, watu wakawa wanachemsha ngozi za viatu, Siwatu alimwendea mhunzi akamtaka amfulie jembe pana kama ubao wa mlango. Mhunzi alicheka, kisha akautazama uso wake, akaanza kufua. Siwatu akafunga kibwebwe, akateremka peke yake, akachimba mfereji kutoka katikati ya kinamasi hadi mtoni, matope yakimfika kifuani, akila alichopata na kulala juu ya majani palepale, hata maji yakafunguka yakaenda zake kwa kelele, na ardhi nyeusi ikaonekana. Ndipo akawaita wajane, na wachukuzi waliovunjika migongo, na wageni wasiokuwa na ukoo mjini, akampa kila mmoja tuta lake. Wakapanda mchicha na bamia, wakapanda kunde za Makata, wakala na kushiba, na mji nao ukala. Hivyo ndivyo ukoo wenu ulivyoanza, na msidanganyane kwamba mlitoka kwa masultani.

Lakini maskini akipata chake huanza kumtazama jirani, na msimu wa kwanza tu watu wakaanza kuibiana. Siwatu, ambaye hakuwa na subira na ugomvi wa mboga, akatoa hukumu akiwa amesimama juu ya jembe lake: “Tuta la mtu halikanyagwi wala halirukwi, ila apigiwe hodi mwenyewe naye aitike karibu. Sheria hii ni yangu mimi na yenu nyinyi.” Na kwa kuwa bonde ni jembamba, matuta yakikatiza kutoka ua mmoja hadi ua wa pili, hapakuwa na njia ya kumfikia mtu ila kwa kuwapitia wenziwe. Kila asubuhi, basi, Mzee Songoro, mwenye tuta la mlangoni, aliingia wa kwanza, akamwitikia hodi wa pili wake, naye wa pili akamwitikia wa tatu, na karibu hiyo ikashuka bonde zima hadi kwenye dungu la Siwatu, kibanda alicholala kule mwisho, karibu na mfereji. Siku moja kaka yake wa tumbo moja alilikanyaga tuta la mjane kwa uzembe. Siwatu alimnyanyua kwa ukosi wa kanzu mbele za watu, akamtoa nje, akamkataza kuingia msimu mzima. Tangu siku hiyo sheria ikawakaa watu mwilini, na Siwatu akaona fahari.

Miaka ikapita, mji ukatajirika, na Ngwali bin Fakihi akawa Diwani. Huyu hakuwa mtu mbaya. Mwaka wa nzige alikuwa mdogo, na kunde za Kiliwani ndizo zilizomkuza, lakini aliyeshiba muda mrefu hakumbuki njaa yake. Wafanyabiashara walitaka maghala ya mawe na barabara ya kuyafikia, na pahali palipokuwa tambarare na karibu na lango palikuwa ni hapa. Diwani akatuma mpiga mbiu atangaze: “Mji unakua, na mchicha hauwezi kuuzuia. Bonde la Kiliwani litajengwa, isipokuwa wenyewe washinde katika Siku ya Kusimama.”

Siku ya Kusimama ilikuwa sheria ya kale kuliko ukuta. Ardhi ya umma ikigombaniwa, pande zote mbili husimama juu yake tangu jua kuchomoza, na kivuli cha mtu kikiingia chini ya nyayo zake huhesabiwa walio ndani, na upande wenye watu wengi huichukua. Siwatu alipoisikia mbiu alicheka kwa mara ya kwanza tangu mavuno, kwa sababu alijua walioshibishwa na bonde hili ni wengi kuliko mawe ya ule ukuta.

Akaingia mjini, akapita nyumba kwa nyumba. Nyie, hapo ndipo mjue watu walivyo. Kila alipobisha alikaribishwa, akawekewa mkeka, akaandaliwa uji wa pilipili manga, akasikilizwa kwa huzuni kubwa na kuahidiwa mbingu na ardhi. Washonaji wakasema wako naye. Wauza vitumbua wakasema wako naye, wakamlilia machozi. Bi Kazija, mwenye tuta la pili na bamia nzuri kuliko zote za bonde, akamshika mikono akamwambia, “Dada yangu, sote tuko nyuma yako.”

“Nyuma yangu pamejaa,” Siwatu akamjibu. “Njooni mbele.”

Kazija akacheka, akadhani ni mzaha. Siwatu alirudi dunguni kwake na kichwa kinamgonga, amechoka kuliko alivyochoka siku za mfereji, maana matope ukiyachimba unayaona yanapungua, na ahadi zile hakuona pa kuzishika.

Naye Mzee Songoro aliipenda bustani kiasi cha kukosa usingizi. Akasema watu wa mji hawatoshi, ngoja awalete na wakwe zake wa milimani wajazie. Akaondoka siku moja kabla, akiapa kwamba jua litamkuta mlangoni. Wakwe walifurahi kumwona, wakamchinjia mbuzi, na mkwe anayejiheshimu hanyanyuki mbele ya chakula cha wakwe. Alikuwa angali ananawa mikono jua lilipochomoza Mkunguni.

Basi ikafika siku yenyewe. Siwatu alitoka dunguni alfajiri, akaona, na moyo ukamlainika, kwani watu walikuwa wamekuja. Hawakumdanganya. Walikuja washonaji na sindano zao kwenye kofia, walikuja wauza vitumbua, walikuja wachukuzi na wajane na wanachuoni, wakajaa kutoka lango la mji hadi kwenye ua wa bustani. Na kwenye ua wakasimama. Wenye matuta mbele, mji mzima nyuma yao, na Bi Kazija mlangoni kabisa, akiita kwa sauti yake nzuri, “Hodi! Mzee Songoro, hodi!”

Hakuna aliyeitika. Wakangoja. Wakapiga hodi tena, wote kwa pamoja, na ndege wakaruka kutoka kwenye mihogo.

“Ingieni!” Siwatu akapaza sauti kutoka kule mwisho.

Kazija akajibu kwa heshima, “Tutaingiaje, dada, na mwenye tuta hayupo?”

“Mimi nawaambia mwingie!”

“Ila tuta si lako, dada. Wewe mwenyewe ndiye uliyetufundisha.”

Siwatu akawatazama. Wengine kule nyuma walinong’ona kwamba anawajaribu, kwamba Binti Mbaruku anataka kuona ni nani atakayeivunja sheria yake siku ya tabu, na waliomkumbuka kaka yake na ule ukosi wa kanzu wakarudi hatua moja nyuma.

Ndipo watu wa Diwani walipofika kwa upande wa juu, waashi na wapagazi na watumwa wa forodhani, wakauvunja ua, wakaingia bila hodi wala salamu, wakasimama juu ya mchicha wa wajane wakitafuna miwa. Umma kule mlangoni ukaguna kwa hasira. Ukalaani. Ukasema haijapata kuonekana fedheha kama hiyo tangu mji uwe mji. Na haukuingia.

Siwatu akamwendea Diwani, aliyekuwa amesimama ukingoni nyuma ya watu wake, akamwambia, “Ngwali, watu wangu unawaona. Wahesabu.”

“Nawaona, mama,” Diwani akasema, akamwinamia, kwani adabu alikuwa nayo. “Lakini sheria huhesabu walio ndani. Na mimi nashangaa kama wewe, sijui wanangoja nini.”

Jua likapanda. Vivuli vikafupika. Siwatu akaurudia mlango wa bustani kwa kuzunguka nje ya ua, akajipenyeza, akawashika watu mabega, akawasukuma, na kila aliyesukumwa alifika kwenye ukingo wa tuta la Songoro akakaza magoti kama mbuzi mbele ya maji. Akawabembeleza, yeye ambaye hakuwahi kumbembeleza mtu. Akawatukana. Wakamkubalia yote. “Kweli, mama. Una haki, mama.” Walikuwa wanalia, baadhi yao, kwa uchungu wa kweli, wanaiona bustani inachukuliwa mbele ya macho yao, na miguu yao imekataa. Akajua basi kwamba kazi hiyo aliifanya yeye. Hakuna diwani aliyewafunga. Aliwafunga yeye kwa mkono wake, kwa msimu baada ya msimu, na alifunga vizuri.

Akalinyanyua jembe pana.

“Tuta lipo, hodi ipo,” akatamka, na sauti ikafika ukutani. “Tuta likiondoka, ni nani wa kupigiwa hodi?”

Akalipiga tuta la Songoro. Kwa pigo moja alilifungua kutoka ua hadi ua, na kwa pigo la pili akalilaza, mihogo yake michanga ikalala chini na mizizi juu, na pakawa tambarare. Watu wakapiga kelele kama waliopigwa wao. “Pana tuta hapa?” akauliza. Hapakuwa na tuta. Mguu mmoja ukaingia, kisha miguu. Akasonga kwenye bamia za Kazija, zilizokuwa zimebakiza wiki kuvunwa, akazilaza. Akasonga. Nyuma yake watu wakaingia mpaka pale alipofikia na kusimama, wakingoja tuta linalofuata liondolewe, wenye mikono mitupu na wenye majembe mabegani, wakimtazama mwanamke mmoja mzee akibomoa bonde zima kwa ajili yao, wala hawakumsaidia. Damu ikaanza kumtoka puani. Hakuipangusa.

Alipofika katikati ya bonde jembe likamponyoka, akaliokota, likamponyoka tena. Na hapo Bi Kazija, ambaye alikuwa ameziangalia bamia zake zikifa, alitoka kwenye umati akapita mbele ya Siwatu, akaingia kwenye tuta la mtu mwingine kwa miguu yake, bila hodi, akaanza kulibomoa kwa visigino huku analia kwa sauti. “Twendeni!” akasema. “Mnangoja afe?”

Hapo ndipo walipokwenda. Wakamwagika bonde zima, wakibomoa na kusawazisha, kila mtu kwenye tuta lililo karibu bila kujali la nani, wakawasukuma watu wa Diwani mpaka ukingoni bila hata kuwagusa, kwa wingi wao tu. Kivuli kikaingia chini ya nyayo. Diwani Ngwali hakuhesabu. Alitazama mara moja, akavua kilemba chake, akawaita waashi wake waende nyumbani.

Siwatu alikuwa amekaa chini, kwenye udongo, jembe limelala magotini pake. Wakati huo huo Mzee Songoro akatokea na wakwe wote wa milimani, anahema, kanzu imejaa vumbi la njia. Akalitafuta tuta lake asilione, akalitazama bonde lililolala uchi, akachanganyikiwa, na kwa sababu hakujua la kufanya akaita mlangoni, “Hodi!”

“Songoro,” Siwatu akasema, “ingia, usinichoshe.”

Wakamletea maji. Akayanywa, akawatazama waliomzunguka, hasira bado imemjaa, na akatamka neno lake la mwisho, nalo mliweke. “Mngeingia tu tangu asubuhi. Sasa mtalala njaa msimu huu, na mlale nayo. Na mimi mkinizika msinipandishie tuta. Mkiona tuta mtasimama mpige hodi, na mimi sitaitika. Nilazeni, msawazishe, mpande juu yangu, mpite.” Akasema hivyo, na roho ikamtoka kabla ya alasiri.

Msimu ule watu wa Kiliwani walikula njaa kama alivyosema, na wapo waliokufa. Maghala yakajengwa ng’ambo ya mto. Diwani alitaka kumjengea Siwatu kaburi la mawe kwa gharama yake, watu wakakataa, nalo lilikuwa jambo la kwanza walilokataa kwa pamoja bila kumngoja mtu aanze. Tangu hapo bonde hili halina matuta ya fulani na fulani, ni shamba moja, na miji mingine hutusema kwamba hatuna adabu, tunaingia kwanza na kusalimu baadaye. Waacheni waseme.

Wamelima juu yake wazee wenu, wakalima watoto wao, mkalima nyinyi, na hakuna anayejua tena alilazwa upande gani. Huenda wewe uliyekaa hapo karibu na mfereji umemkalia yeye sasa hivi. Usinyanyuke.