Mbuzi wa Mwenyekiti wa Mfereji

Wapendwa, kaeni vizuri. Mbuzi mnayemsikia akilia nyuma ya kanisa mwacheni alie, habari yake mtaipata. Leo nataka kuwasifu ninyi, watu wa mifereji, na sitaki mtu aangalie saa.

Kulikuwa na mzee mmoja, mwenyekiti wa mfereji katika kijiji cha mlimani kama hiki chetu. Miaka ishirini na sita alipuliza pembe asubuhi ya msaragambo, siku ya kazi ya pamoja, na kila nyumba ikatoa mtu na jembe, wakapanda wote hadi kwenye banio, pale maji ya mto yanapoingia mferejini, kuzoa matope ili maji yafike migombani. Asiyefika alitozwa mbuzi. Mzee huyo aliwahi kumtoza hata shemeji yake, tena siku ya pili baada ya harusi. Mnacheka, lakini mfereji ule babu zao waliuchimba kwa mikono na haukuwahi kukauka. Nani asingejivunia?

Basi siku moja mzee akapimwa presha zahanati, ikakutwa juu sana. Nesi akamwambia, "Mzee wangu, presha mara nyingi haiumi. Utalima, utakula, utalala vizuri, kumbe moyo unachoka na mishipa inaharibika, mpaka siku ikuangushe kwa kiharusi. Vidonge hivi vinaishusha na kuizuia isipande. Utameza kila siku, hata ukijisikia mzima. Na chumvi upunguze."

Kiharusi mzee alikijua. Mdogo wake alikuwa palepale nyumbani, anakaa barazani, upande mmoja umelala, analishwa uji kwa kijiko. Kwa hiyo akameza dawa bila ubishi. Baada ya miezi miwili akapimwa tena, presha imeshuka. Akarudi nyumbani kifua mbele, akamwambia mkewe, "Mama Aikande, nimepona." Vidonge alivyopewa vya mwezi uliofuata akavisukumia nyuma ya debe la mahindi.

Alikuwa mjinga? Hata kidogo. Malaria ikiisha, nani anaendelea kumeza dawa ya malaria? Ndivyo alivyowaza, na wengi wenu hapa ndivyo mnavyowaza, nawajua.

Mwezi ukapita. Siku ya msaragambo pembe ikalia, watu wakapanda. Kule kwenye banio jamaa mmoja mvivu akaegemea jembe lake, akasema, "Mwenyekiti, maji si yanatembea vizuri tu? Safari hii tupumzike."

Mzee akamkata jicho. "Yanatembea kwa sababu tulisafisha. Wewe umeona maji, ukadhani mfereji umejisafisha wenyewe? Tukiacha, leo hutaona kitu, kesho hutaona kitu. Siku utakayoona, ukingo umeshabomoka."

Mkewe alikuwa nyuma yake na kikapu cha ndizi za kuwalisha watu. Akakitua chini. Akafungua pindo la khanga, akatoa pakiti za vidonge, hazijaguswa hata moja.

"Baba Aikande, hayo uliyosema yarudie," alisema. "Hizi nimezikuta nyuma ya debe. Shemeji yangu namlisha kwa kijiko na sijawahi kunung'unika. Lakini kijiko cha pili sikitaki. Nakutaka wewe."

Mmefikiri alimfokea? Wapo wanaume hapa wangemfokea. Yeye alitazama zile pakiti, akamtazama mkewe, kisha akachukua pembe na kuipuliza upya, ingawa kijiji kizima kilikuwa mbele yake.

"Mwezi mzima sikufika kazini," akasema. "Nitozeni mbuzi."

Kesho yake alikuwa wa kwanza kwenye benchi la zahanati, na mkewe pembeni.

Wapendwa, najivunia mzee yule. Najivunia na mama yule, tena zaidi. Na sisi je? Sisi tunaojua kutunza maji ya babu zetu, damu yetu wenyewe tunaitunzaje? Wewe mwenye pumu uliyepewa pampu ya kila siku, mbona umeiweka kabatini kwa kuwa kifua kimetulia? Wewe binti uliyeambiwa damu ni pungufu, vile vidonge vya kuongeza damu si uliviacha ulipopata nguvu ya kubeba ndoo? Na wewe unayesema umeombewa, mimi ndiye niliyekuombea, na sikukuambia uache dawa. Ukitaka kuacha au kupunguza, kamuulize daktari, usiliulize debe la mahindi.

Nesi wetu yuko ukumbini na mashine yake. Tukitoka hapa tunapanga mstari, na wa kwanza ni mimi. Maana vidonge vyangu vya presha, wapendwa, niliviacha tangu Pasaka, na mke wangu anayeketi pale mbele amevipata juzi ndani ya sanduku la majoho.

Mbuzi yule anayelia ni wangu. Nimemleta mwenyewe.