Mashavu na Tai wa Vilima Viwili

Paukwa!
Pakawa!
Nyie wa mlangoni hamjaitika. Paukwa!
Pakawa!

Basi hapo kale, kale sana, palikuwa na vilima viwili vya mawe: Kilima Chekundu na Kilima Cheusi. Katikati, mbuga tupu. Kila kilima kilikuwa na pimbi wake. Hawa hawaendi kule, wale hawaji huku.

Kwenye Kilima Chekundu aliishi Mashavu, pimbi mwenye wivu. Wivu gani! Wivu wa kumfanya asisikie hata ladha ya majani mdomoni.

Mvua ikanyesha, chwa-chwa-chwa! Majani yakaota. Mashavu akazaa, majirani wakazaa, watoto wakajaa kila jiwe. Angefurahi, lakini akatazama ng'ambo. Lo! Na kule watoto tele, wanaota jua!

"Wale wanatuiga," akamwambia mumewe.

"Wanatuigaje, mama watoto? Mvua imenyesha huku, imenyesha na kule."

"Kwani wangekosa kidogo, ingekuwaje?"

Ukaja ukame. Majani yakakauka, watoto wakafa. Mashavu akalia, jicho moja ng'ambo. Kule nako wanakufa. Basi moyo ukampoa kidogo! Mvua iliporudi, pimbi wakaongezeka tena, huku na kule. Na wivu ukamrudia, mkali kuliko wa kwanza.

Asubuhi moja akapanda jiwe la juu. Tai huyo anapita.

"Bwana Tai! Kilima Cheusi, chini ya mkuyu, ndiko watoto wanakochezea. Wamenona!"

"Ahsante, mama." Puruuu! Akaenda.

Mashavu akakaa kutazama. Paa! Mtoto kachukuliwa. Kesho yake, paa! Mwingine. Kule ng'ambo kukawa kimya. Siku hizo Mashavu alikula majani, akayaona matamu.

Tai naye akanenepa. Akajenga kiota, akaangua. Makinda wakakua, wakaota mbawa. Kilima Cheusi chakula kikaisha. Wote wakaruka, puruuu, hadi Kilima Chekundu!

"Bwana Tai, ni mimi! Mimi niliyekuelekeza!"

"Nakukumbuka, mama. Ulinishibisha, nikazaa. Sasa wanangu wale wapi?"

Paa! Wakamchukua Tunu, kitindamimba wake.

Mashavu akapiga yowe. Yowe likavuka mbuga. Kutoka Kilima Cheusi kikaitika kilio cha mama mwingine, kilio kilekile. Mashavu akatega sikio. Hakupata raha hata chembe.

Tangu siku hiyo akawa halali mchana. Akimwona tai anaelekea ng'ambo, anapiga kelele mpaka sauti inamkauka: "Ingieni mawe-e-eni!" Na kule wakajifunza kumpigia kelele tai akija huku.

Ndiyo maana pimbi wa vilima viwili wasiokutana huongezeka pamoja na kupungua pamoja. Mvua yao moja, tai wao mmoja. Nawe usimwombee mwenzako balaa, maana haitaishia mlangoni kwake.

Ngano yangu imekomea hapo. Haya, kalaleni.