Ukingo Uliokula Jina

Zamani hizo mishipa ya kichwa ilikuwa migumu kama mabua, na damu ikikwama ndani yake haikuwa na pa kupita. Mtu alisimama papo hapo, neno likiwa nusu mdomoni, na hakuendelea tena. Hakufa. Ngozi ilibaki na joto, macho yalibaki wazi. Ndugu walimbeba, wakamwegemeza kwenye ukuta wa nyumba pamoja na waliomtangulia, na kazi zikaendelea.

Huko milima ya Upare, Namkunda aliishi na mama yake, Nakiete. Asubuhi moja mama alisimama mlangoni na mchi mkononi, akasema, "Namkunda, usisahau kufunika..." Akaishia hapo.

Kaka yake Namkunda, Kiondo, alikuja kutazama. "Dada, mama kasimama. Tumsogeze ukutani, anaziba mlango."

"Bado ana joto."

"Wote wana joto. Hata babu, na wewe mwenyewe unaanika nguo juu yake."

Siku hiyo ilikuwa zamu yao ya maji, na shamba halisubiri. Namkunda alichukua jembe, akaufuata mfereji kupanda mlimani, mpaka akakuta donge la udongo limeuziba. Kabla hajalipiga, aliona ukingo wa mfereji unasogea. Tope lilijinyoosha taratibu, kama mdomo usio na meno, likalifunika donge na kulimeza. Baada ya kitambo kirefu donge lilichomoza nje ya mfereji, kwenye majani makavu. Maji yakapita.

"Mama yangu amekwama," Namkunda aliliambia tope, kwa kuwa hapakuwa na mwingine wa kumwambia.

"Nipeleke," ukingo ukasema, kwa sauti ya maji yanayozama. "Ila mimi hula polepole, na nikila sichagui. Kilicho jirani na uchafu huenda nao. Na mtu asimtikise."

Alilibeba tope kwenye jani la mgomba, akampaka mama yake kwenye panja. Ngozi ikalinyonya lote. Namkunda akaketi kizingitini kuchambua maharage, huku akisikia kitu kinatafuna ndani ya kichwa cha mama. Kiondo aliporudi alitaka kumtikisa. Dada yake akamshika mkono, akamkalisha. Kilitafuna mpaka kivuli cha mlima kikafika uani. Kisha punje nyeusi, kavu, ikadondoka kutoka sikioni.

"...ungo," mama akasema. "Kuku watamaliza mtama."

Alimtazama Namkunda kwa muda, kwa adabu, kama mtu anavyomtazama mgeni. "Na wewe binti, ni wa nyumba gani?"

Jina la binti ndilo lililokuwa jirani na uchafu.

Namkunda alimpokea mchi. "Namkunda, mama. Wa hapa hapa. Kaa ule."

Wale wa ukutani walipakwa pia, lakini walikuwa wamechelewa. Tope lilitafuna, likatafuna, lisipate cha kubakiza. Ndipo joto lilipowatoka, wakazikwa.

Na tangu siku hiyo, kila mtoto huzaliwa na tope hilo kwenye kuta za mishipa ya kichwa. Mzee akinyamaza katikati ya neno, watu wa huko hawamtikisi wala hawammalizii. Wanaendelea kuchambua maharage na kusubiri. Akirudi, aliye karibu naye hujitambulisha kwake kwa jina, hata kama hajaulizwa, kwa sababu hajui safari hii kimeliwa nini.