Panya Buku na Ratiba ya Miaka Miwili

Paukwa.
Pakawa.
Palikuwa na nini?
Chuo.
Kina mlango?
Wa kuingilia upo. Huo mwingine msiniulize, leo sina raha.

Basi, Panya Buku alisoma miaka miwili katika chuo kidogo cha bondeni, akafaulu, akahamia chuo kikuu cha uhandisi ili aingie mwaka wa tatu. Alitaka kujenga madaraja. Akapanga ratiba ya miaka miwili, si zaidi, maana panya buku akifikisha miaka saba kwao wanapika pilau kushangilia uzee wake, na yeye alikuwa keshatimiza minne.

Akaenda kwa Kobe, mwalimu wa Madaraja. Tiki, tiki, tiki.
"Shikamoo, mwalimu. Nisomeshe Madaraja."
"Marahaba. Kasome Mikondo ya Maji kwanza."

Akaenda kwa Mamba, mwalimu wa Mikondo ya Maji. Tiki, tiki, tiki.
"Shikamoo, mwalimu. Nisomeshe Mikondo ya Maji."
"Marahaba. Kasome Udongo kwanza."

Akaenda kwa Mhanga mchimba mashimo, mwalimu wa Udongo. Tiki, tiki.
"Shikamoo, mwalimu. Nisomeshe Udongo."
"Marahaba. Kasome Madaraja kwanza."
"Lakini Udongo nilishausoma bondeni."
"Cha bondeni hapa hakihesabiki. Amri ya Mkuu."

Mkuu wa chuo alikuwa Kiboko. Kila mwanafunzi alimpelekea mzigo wa majani kila asubuhi, kwa hiyo kila aliyehitimu alikuwa kifungua kinywa kilichopotea. Panya Buku akampelekea ratiba; Kiboko akaigonga muhuri wa tope. Pwaa.
"Anza mwaka wa kwanza, binti. Miaka minne ni kitu gani?"

Yeye Kiboko ataishi arobaini. Panya Buku alitoka nje akalia sana, jamani, kilio cha mtu anayeuona uzee wake umeandikwa karatasini. Kisha akafuta machozi, akarudi.

"Mzee, amri yako ni nzuri, ila ina tundu. Walimu nao walisoma bondeni. Amri ikiwa ya wote, watakuwa wanafunzi, watakuletea majani."
Kiboko akameza mate, glu. "Wote?"
"Wote waliosoma bondeni, Mzee, asibaki hata mmoja. Iandike hivyo hivyo."
Akaandika. Pwaa.
"Na wewe, Mzee," Panya Buku akauliza kwa adabu, "ulisoma wapi?"

Kiboko akaitazama amri, tope la muhuri bado bichi. Alisoma bondeni. Asubuhi yake alikuwa mwaka wa kwanza, mzigo wa majani kichwani, hajui ampelekee nani.

Wanyama wakacheka, kwe kwe kwe. Panya Buku naye akacheka, mpaka alipoitazama ratiba yake. Kobe sasa ni mwanafunzi. Mamba ni mwanafunzi. Mhanga ni mwanafunzi. Wa kuifuta amri ni Mkuu, na Mkuu hayupo. Wakakaa darasani wote, macho ubaoni, na mbele hakuna mtu.

Panya Buku alikaa benchi moja na Kiboko. Akatimiza miaka mitano. Akatimiza sita. Akatimiza saba, na hakuna aliyekumbuka pilau.

Asubuhi moja Kiboko akamnong'oneza, "Binti, unadhani mwalimu atakuja leo?"

Panya Buku alikuwa amelalia ratiba yake, na hakuamka tena.

Hapa ndipo nilipofika, hapa naitua. Mwenye nguvu na aibebe. Na funzo lake, wanangu, ni hili: panga ratiba yako mapema, utamaliza kwa wakati.