Karibu ya Kambare

Hapo zamani za kale, samaki walipokuwa bado wanapigiana hodi, Bi Kioo aliishi kwenye kidimbwi chenye magugu mengi. Alikuwa mdogo kama kidole gumba, na mwili wake ni wa kuonyesha ndani: ukimtazama unaijua miiba yake yote, na chakula cha mchana pia!

Jirani yake alikuwa Kambare, jitu la masharubu, mlafi wa kutupwa.

Asubuhi moja Bi Kioo alikwenda kutafuta viluwiluwi vya mbu. Kurudi, watoto wake watatu hawapo!

Konokono akamnong'oneza, "Kambare kawabeba. Wazima, wamo kinywani. Si unamjua, hamezi kitoweo bila ugali? Mkewe kaenda kuazima mwiko."

"Ole wangu, wanangu!" Moyo wake ukaenda du! du! du! Konokono akauona kabisa ukidunda.

Bi Kioo akachapua mapezi hadi mlangoni kwa Kambare, akajitia sauti ya bibi kizee.

"Hodiii! Hodi humu! Mimi mama mkwe wako!"

Kambare akachungulia. Akaona maji, akaona majani. Bi Kioo alikuwa mbele ya pua yake, asimwone.

"Mmh," akajibu, kinywa kakifumba.

"Mmh? Hodi ya mkweo unaijibu kama ng'ombe? Niko huku nyuma ya majani, naona haya kuingia bila kukaribishwa. Hodi ya pili!"

"Mmh! Mmh!" Jasho likamtoka, humo humo majini.

"Haya, ya tatu na ya mwisho! Ukinyamaza, namrudisha binti yangu kwetu leo leo, ugali ujisongee mwenyewe. Hodi!"

Masharubu yakamtetemeka Kambare. Mke aende? Na ugali je? Akasahau kilichomo kinywani.

"Ka..." Churupu! Akatoka wa kwanza.

"...ri..." Churupu! Wa pili.

"...bu, mama!" Churupu! Wa tatu huyooo!

Wakatokomea kwenye magugu wote wanne. Kambare akakodoa macho mpaka yakamuuma, haoni hata pezi.

Mkewe akaingia na mwiko. "Baba, kitoweo kiko wapi?"

"Nilikuwa namkaribisha mama yako."

"Mama? Mama si yuko mto wa pili, na mafua yamemkausha sauti wiki nzima!"

Siku hiyo walikula ugali mtupu.

Basi wanangu, ukimwonea mtu kwa udogo wake, usidhani na akili yake ni ndogo.