Majembe ya Mtemi Mgalula

"Akiba isiyoanikwa huliwa na kutu." Ndivyo yule mbunge mzee alivyomjibu Rais redioni, Rais aliposema kiasi cha akiba ya taifa ni siri ya Ikulu. Nanyi mkacheka, mkadhani mzee kachanganya fedha na mahindi. Punguzeni sauti ya redio, wajukuu zangu. Chanzo cha methali hii ni nchi ya Busagala, zama ambazo jembe la chuma ndilo lililokuwa fedha.

Mtemi Mgalula alirithi ghala lenye majembe mia nne. Hayakuwa yake, yalikuwa akiba ya nchi, ya kununulia mtama mwaka wa njaa. Kila mwaka kabla ya mvua za kwanza, shangazi yake Nyanzobe, mtunza ghala, aliyatoa yote akayapanga juani. Watu walikuja kuyafuta na kuyapaka mafuta ya nyonyo. Aliyetaka kuhesabu alihesabu, hata bibi harusi wa juzi.

Mgalula hakuwa mwizi, hilo mlishike. Lakini mwaka mmoja majirani waliyaona majembe yale yamejaa uwanjani, wakapandisha bei ya chumvi. Mtemi aliumia sana. Akaamuru mlango wa ghala uzibwe kwa udongo, na utajiri wa Busagala usianikwe tena mbele ya macho ya watu.

Nyanzobe alimwendea mara tatu kumwambia paa limechakaa. Mtemi alimjibu kwa adabu, kama mtu anavyomjibu shangazi, kwamba wahenga walishasema akiba haiozi. Mara ya tatu bibi yule hakuinuka upesi.

"Siogopi kwamba utaiba, mwanangu," alisema. "Naogopa kwamba hata wewe hujui kilichomo."

Mtemi aliona amekosewa heshima, na mlango ukabaki umezibwa.

Mwaka wa nane tangu mlango uzibwe, mvua iligoma. Wazee walitaka kuuza ng'ombe mapema, wangali na nyama mwilini. Mgalula akawazuia, akawaapia kwamba ghala limejaa. Walimwamini, kwa sababu hakuwa amepata kuwadanganya. Ng'ombe wakafia malishoni mmoja baada ya mwingine.

Wauza mtama walipofika na mizigo yao, mtemi aliubomoa ule udongo kwa mikono yake. Ndani mlinuka unyevu. Maji ya mvua za miaka yote yale yalikuwa yamechuruzika juu ya majembe, nayo yakagandamana kwa kutu. Mkuu wa wafanyabiashara alibandua moja, akalibonyeza kwa dole gumba, likatoboka.

"Kwa haya sitoi hata kibaba cha mtama, Mtemi," alisema yule mtu kwa huruma, akawaashiria wapagazi wake wajitwike.

Mshauri wa mtemi alimsogelea akamnong'oneza kwamba mlango uzibwe tena, watu waambiwe majembe yameibwa. Uongo ule ungemwachia Mgalula kiti chake, naye alikipenda kiti chake. Kisha akainama, akaanza kuyatoa nje, akayapanga juani kama yalivyokuwa yakipangwa zamani. Watu wakakusanyika.

"Hakuna aliyeiba," aliwaambia. "Niliapa ghala limejaa, na sikuwa nimeingia humo tangu nilipoliziba. Niliyaficha majembe machoni pa wageni, nikayaficha na machoni penu, nanyi ndio mliokuwa mkiyatunza."

Hakuna aliyemzomea. Ingekuwa afadhali wangemzomea. Nyanzobe, ambaye siku nyingi alikuwa akiwagawia watoto uji wake, aliketi akachukua jembe moja, akalifuta kwa upindo wa nguo yake, likamegekea mapajani.

"Akiba isiyoanikwa huliwa na kutu," alisema, akaliweka chini polepole.

Bibi yule alikufa kabla mvua hazijarudi, na wengi walikufa pamoja naye. Mtemi hakukosa kuhudhuria msiba hata mmoja. Na kwa kila mtoto aliyemuuliza ni nini kilichomuua mama yake, Mgalula hakusingizia ukame. Alimtazama usoni akamjibu: akiba isiyoanikwa huliwa na kutu.