Sarafu Iliyofungua Mlango wa Kisima

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa nini?
Pakawa mji uliochoka kubeba fedha!
Akaubebea nani?
Mjanja!
Haya, mwenye simu aizime, mwenye masikio ayafungue.

Hapo kale, kale isiyo mbali sana, palikuwa na mji ukiitwa Majitele. Jina hilo! Maji yenyewe ya kisima kimoja, chenye mlango wa jiwe, na ndani yake jini mwanamke. Kila mwisho wa kiangazi jini hujifungia chumbani kama bibi harusi, na mji humpelekea kifungua mlango: sarafu moja, igongwe kwenye jiwe, ngliii! Mlango unafunguka. Kwa nini sarafu? Hakuna aliyeuliza. Watu wakishakunywa huuliza nini tena?

Basi akatokea tajiri, Bwana Feruzi, akapanda jukwaani. "Jamani, sarafu, finish! Zinatoboa mifuko, zinanuka jasho. Nileteeni mimi, niwape namba kwenye simu!" Watu wakazimwaga kwa ndoo. Wenye digrii zilizokosa kazi wakaitwa kupiga makofi. Wakapiga. Eti maendeleo!

Lakini namba za Feruzi hazikujua kununua fungu la mchicha. Makato yalikuwa makubwa kuliko mboga. Kwa hiyo wanawake wa Kichochoro cha Mboga walibaki na sarafu moja tu. Mwatime wa mchicha akiitoa apate chumvi, wa chumvi akiitoa apate tangawizi, wa tangawizi akiirudisha kwa Mwatime. Leo kwako, kesho kwangu. Ikazunguka, ikazunguka, ikazunguka, hata sura ya mfalme ikafutika, ikawa laini kama kokwa ya ukwaju.

Kiangazi kikafika ukingoni. Kisima kikajifunga. Kibibi, binti wa Mwatime, akashikwa na homa, midomo ikapasuka.
"Mama, maji."
"Yaja, mwanangu." Na mtungi mkavu, tupu kama ahadi ya mgombea.

Feruzi akaenda kisimani, mji mzima nyuma yake. Akainua simu. "Bibi, tazama namba hii!"
Sauti ikatoka ndani: "Nani ameishika?"
"Haishikiki! Ndiyo raha yake!"
Mlango tuli.
Akaleta noti mpya, kali za kukata vidole. "Nani amezishika?"
"Hakuna, Bibi, mpya kabisa!"
Mlango tuli.
Akaburuta gunia la sarafu za mji. "Nani amezishika?"
"Mimi. Nilizifungia stoo."
"Zimelala. Zimesahau."
Mlango tuli, tuli, tuli.

Mwatime akajitokeza, sarafu ya kichochoro mkononi, Kibibi mgongoni, anawaka kama jiko.
"Wee mama mchicha," Feruzi akacheka, "hiyo hata pipi hainunui!"
"Kwako hainunui, Bwana. Sisi imetulisha."
Lakini akaifumbata kwanza. Jini akiichukua, kesho kichochoro kizima kitakula nini? Akageuka kuwatazama wenzake. Wa chumvi akasema, "Toa, dada." Wa tangawizi akasema, "Mtoto kwanza. Toa!"

Akaigonga. Ngliii!

Jamani, haikunyamaza. Wallahi haikunyamaza! Mlio ukapanuka, ukawa sauti. Kicheko cha mtoto anayenunua ubuyu. Pumzi ya mchimba kaburi akifuta jasho. Kigelegele cha kungwi mlangoni. Kisha watu, watu, watu, wote walioishika, walio hai na waliozikwa. Na katikati yao Mwatime akamsikia marehemu mama yake akinunua dagaa: "Niongezee kidogo, mwanangu." Nywele zikamsimama. Akatazama huku na huku: kila mtu alikuwa akilia, maana kila mtu alimsikia wake. Mji mzima ukapiga magoti bila kuambiwa.

Mlango ukafunguka. Maji yakapanda hadi ukingoni, na jini akatoka, mrefu kuliko minazi, akainamia kile kipande cha chuma.
"Nilikuwapo kabla ya mji," akasema. "Sijui njaa. Sijui kufa. Kila mwaka nilitaka tu kusikia ninyi ni akina nani."

Akamrudishia Mwatime sarafu yake. Kibibi akanywa, akanywa, akanywa, homa ikashuka.

Feruzi naye akainama na kata. Maji yakamkimbia.
"Wewe," jini akasema, "kaziamshe zile za guniani. Ndipo unywe."

Basi Feruzi, gunia begani, koo kavu, akaanza mlango hadi mlango. "Hodi! Niuzieni chochote, tafadhali." Wa kwanza alikuwa Mwatime. Tajiri akaitupa sarafu mezani, kama alivyozoea.
"La, Bwana. Mkononi."
Akaiweka kiganjani mwa Mwatime, vidole vikagusana. Feruzi akashtuka. Kiganja kilikuwa cha moto, na kilikuwa na mapigo.

Ngano yangu nimeitoa, si yangu tena. Ikiwa tamu, mpe jirani. Ikiwa chungu, mpe tajiri. Usiifungie stoo.